Blasio Kigozi: Kijana wa Ng'ambo ya Kagera

Vitabu vya kumbukumbu ya miaka mia huwataja zaidi wale waliojaliwa umri mrefu: wachungaji waliobatiza watoto na wajukuu wa nyumba moja, wazee wa usharika waliotunza funguo za kanisa mpaka mvi zikawafunika, akina mama walioimba kwaya tangu usichana wao hadi uzee. Ni haki yao kutajwa. Lakini katika hesabu ya watu ambao sisi Wakristo wa Igurwa, na wa Karagwe na Kyerwa kwa jumla, tu wadeni wao, yupo kijana mmoja ambaye hakufikisha umri wa miaka 28. Hakuwa Mlutheri, wala hakuwa mzaliwa wa nchi hii. Jina lake ni Blasio Kigozi. Alifanya kazi kwa muda wa miaka saba hivi ng'ambo ya mto Kagera, akafariki tarehe 25 Januari 1936, kabla ya kuona mavuno ya yale aliyoyaombea.

Twamkumbuka hapa kwa ajili ya ukarimu wake. Kwetu sisi neno ukarimu hutukumbusha kwanza mlango ulio wazi na ndizi zilizo motoni kwa ajili ya mgeni. Ukarimu wa Blasio ulikuwa wa kutoa vitu ambavyo vijana wengi huvishika kwa nguvu: nafasi ya kuendelea nyumbani, heshima ya ukoo, raha ya lugha ya mama, na haki ya kuonekana mwenye kosa dogo kuliko wenzake. Hivyo ndivyo alivyovitoa, na kwa sababu hiyo maisha yake mafupi yalikuwa na uzito.

Nyumbani kwao

Blasio alizaliwa Buganda mwaka 1909. Baba yao alikuwa mmoja wa machifu wa nchi hiyo, na kwa hiyo kijana huyu alikulia katika nyumba iliyojua heshima na amri. Kanisa la Anglikana la Uganda lilikuwa na umri wa miaka 32 tu alipozaliwa, kwa maana wamisionari wake wa kwanza walifika mwaka 1877. Hata hivyo lilikuwa tayari limepita katika moto wa mateso ya mashahidi wa mwaka 1886, na limekuwa kanisa kubwa lenye shule, hospitali na wachungaji wenyeji. Kuwa Mkristo katika Buganda ya miaka ile hakukumgharimu mtu chochote. Kulimfungulia shule, kazi na cheo.

Hilo ndilo lililomhuzunisha kaka yake mkubwa, Simeoni Nsibambi. Huyu alikuwa amehudumu katika kikosi cha tiba cha Waafrika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha akawa mtumishi wa serikali katika idara ya afya. Mwaka 1922 moyo wake uligeuka, na baadaye akaiacha kazi ya serikali, akawa akihubiri mchana na jioni kwa watu mmoja mmoja katika vilima vya Kampala. Aliona kanisa lililojaa watu waliobatizwa na mioyo iliyopoa. Blasio, mdogo wake, alikuwa mmoja wa wale walioguswa na ushuhuda huo.

Kuvuka kwenda Rwanda

Mwaka 1929 Blasio alikwenda Gahini, mashariki ya Rwanda, kuwa mwalimu. Ili msomaji wa leo aelewe uzito wa hatua hiyo, yafaa kueleza habari za mahali penyewe.

Gahini iko juu ya Ziwa Muhazi. Kati ya mahali hapo na Karagwe yetu pana nyika na mabwawa ya mto Kagera, ambayo serikali ya Wabelgiji iliyatenga kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1934. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, sehemu ya mashariki ya Rwanda iliwekwa kwa muda mfupi chini ya Waingereza, kisha ikarudishwa kwa Wabelgiji. Katika nafasi hiyo wamisionari wa Kianglikana, waliokuwa wameanza kazi Kabale mwaka 1921, walipata njia ya kuingia, na kituo cha Gahini kikafunguliwa mwaka 1925. Mwaka 1928 alifika hapo daktari kijana Mwingereza, Joe Church, kuiongoza hospitali.

Daktari huyo aliipokea kazi pamoja na njaa. Katika miaka ya 1928 na 1929 mvua zilikatika, na njaa ambayo Wanyarwanda huiita Rwakayihura ikaangamiza watu wengi sana katika sehemu za mashariki. Wengine walihama na familia zao wakaelekea Uganda, na wengine wakavuka kuja Tanganyika. Hospitali ya Gahini ilijaa watu waliokuja kuomba chakula kabla ya kuomba dawa.

Huko ndiko alikokwenda mtoto wa chifu, mwenye umri wa miaka kama 20. Aliiacha nchi ya migomba na barabara nzuri, akaenda mahali pa njaa, kwa watu ambao lugha yao hakuijua. Tusisahau pia kwamba siku zile Baganda walikuwa na sifa isiyo njema machoni pa majirani wengi. Wakoloni waliwatumia kuwa mawakala wa utawala katika nchi za wengine, hasa Kigezi na Ankole, na jina la Muganda lilinuka amri na kiburi. Kijana aliyetoka huko alihitaji kushuka kabla ya kufundisha.

Ugumu wa kituo

Mambo ya Gahini hayakuwa mepesi kama masimulizi ya uamsho yanavyoweza kutufanya tudhani. Wafanyakazi wengi wa hospitali walitoka Uganda, na wengi wao walikuwa na manung'uniko juu ya kazi, juu ya mshahara, na juu ya daktari Mzungu. Aliyekuwa mkuu wa wasaidizi wa hospitali alikuwa Yosiya Kinuka, mtu wa Ankole. Kati yake na Blasio mwenye bidii ya shule na ya Injili palikuwa na umbali, na kila upande uliona makosa ya upande mwingine.

Ikafika wakati Yosiya akatumwa Kampala kumwona Simeoni Nsibambi. Alikwenda na malalamiko yake kuhusu kituo. Simeoni alimwonyesha kwamba ubaya alioueleza ulianzia ndani ya moyo wake mwenyewe, na katika safari ya kurudi Gahini Yosiya alisalimu amri mbele za Mungu. Alipofika alikuwa mtu mwingine, na watu waliokuwa mbali wakawa ndugu. Tangu hapo Blasio, Yosiya na daktari Church walianza kuomba pamoja na kusoma Biblia pamoja, Muganda, Munyankole na Mwingereza, jambo ambalo katika utaratibu wa kikoloni wa siku hizo halikuwa la kawaida hata ndani ya misheni.

Twaliandika hili kwa makusudi. Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao baadaye ulijulikana katika nchi nyingi, ulianza kama kazi ya kupatanisha watu wa ofisi moja na hospitali moja waliokuwa wamechokana. Kila usharika wenye umri wa miaka mia unajua ugumu wa kazi hiyo.

Shemasi na juma la faragha

Blasio alisoma katika Chuo cha Bishop Tucker, Mukono, akabarikiwa kuwa shemasi mwaka 1934, kisha akarudi Gahini. Kwa elimu na daraja aliyokuwa nayo angeweza kupata kanisa la mjini katika Buganda. Alirudi penye upungufu, akawekwa juu ya mafunzo ya wainjilisti, wale vijana waliotumwa vijijini kufundisha kusoma na kuhubiri.

Mwaka 1935 roho yake iliingia katika huzuni kubwa. Aliona kwamba alikuwa akifanya kazi nyingi na matunda ni machache. Wanafunzi walikariri majibu ya katekisimu, lakini wizi, uchawi, ulevi na chuki viliendelea chini kwa chini. Basi alijitenga. Kwa muda wa juma zima alikaa peke yake katika nyumba ndogo, akiomba na kuipima nafsi yake. Alianza na dhambi zake mwenyewe kabla ya kutaja za wengine, na alipotoka aliwaomba msamaha wale aliowakosea, wakiwamo waliokuwa chini yake.

Katika mila zetu, na katika mila za Buganda pia, mkubwa haombi msamaha kwa mdogo mbele za watu. Mwalimu akimwomba radhi mwanafunzi, watu huogopa kwamba mamlaka yote yatabomoka. Blasio aliitoa heshima yake kama mtu atoavyo fedha ya mwisho mfukoni. Wale waliofundishwa naye waliona kwamba anaishi anayoyasema, na mahubiri yake yakawa na nguvu ambayo hayakuwa nayo kabla. Watu walianza kukiri, kurudisha vitu vilivyoibwa, kulipa madeni na kupatana na majirani. Wapo waliochukia pia, kwa maana nuru haiingii nyumbani bila kuonyesha vumbi.

Mwezi Septemba 1935 aliitwa pamoja na ndugu zake kuongoza mkutano wa Kabale, katika Kigezi. Mafundisho yalipangwa kwa taratibu: dhambi, toba, kuzaliwa mara ya pili, kuitoka Misri, Roho Mtakatifu, na maisha ya ushindi. Blasio alikuwa miongoni mwa wahubiri. Kutoka Kabale moto ulienea vijijini, na maelfu ya watu ambao walijiona Wakristo kwa sababu tu ya vyeti vya ubatizo walianza kujiuliza upya.

Mambo matatu kwa sinodi

Mwanzoni mwa mwaka 1936 kanisa la Uganda lilikuwa linajiandaa kwa sinodi, na Blasio alipata nafasi ya kusema mbele ya wakubwa wake. Alitayarisha mambo matatu. La kwanza lilihusu sababu ya ubaridi na umauti uliolikumba kanisa. La pili lilihusu watu waliokuwa wakiruhusiwa kuikaribia Meza ya Bwana huku wakiishi waziwazi katika dhambi. La tatu lilihusu lifanyike nini ili kanisa lipate uamsho. Juu ya yote alikuwa na neno moja la Kiganda, Zukuka, maana yake amka.

Tuyatazame mambo hayo kwa makini, kwa sababu ni ya hatari kwa yule anayeyasema. Shemasi wa miaka miwili, mwenye umri ambao kwetu mtu bado anahesabiwa kijana wa kutumwa maji, alikuwa anakwenda mbele ya askofu, makasisi wakuu na machifu wa Buganda kusema kwamba kanisa lao limelala. Baadhi ya wale waliokuwa wakienda kwenye Meza ya Bwana katika hali ile walikuwa watu wa daraja la baba yake. Kijana mwenye hamu ya cheo angechagua somo jingine.

Hakuwahi kulisimamia somo hilo. Alikwenda Uganda kwa ajili ya safari hiyo, akashikwa na homa ya papasi, ugonjwa unaoenezwa na papasi wakaao katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, ambao wasafiri wa siku zile waliuogopa sana kila walipolala katika nyumba za njiani. Leo dawa zake zinapatikana kwa urahisi. Mwaka 1936 hazikuwepo za kutosha kumwokoa. Alifariki tarehe 25 Januari, akaacha mke kijana, kaka aliyempenda, na kikundi kidogo cha wainjilisti wa Gahini waliobaki kama watoto yatima.

Baada ya kifo chake

Wengi waliomfahamu walitazamia kwamba kazi ingesimama. Ikawa kinyume. Mwezi Juni mwaka ule ule wa 1936, Gahini na vituo vingine vya misheni katika Rwanda na Burundi vilishuhudia toba na nyimbo za usiku kucha ambazo hazikuwahi kuonekana huko kabla. William Nagenda, Muganda mwingine mwenye elimu, aliyekuwa shemeji ya Simeoni Nsibambi, alikwenda Gahini akaishika kazi. Yosiya Kinuka aliendelea, na baadaye akawa mchungaji. Nalo neno Zukuka ambalo Blasio alikuwa amelibeba kwenda sinodini likachukuliwa na Askofu Cyril Stuart na kanisa zima kuwa wito wa mwaka 1937, kanisa la Uganda lilipoadhimisha miaka 60 ya Injili. Vikundi vya wahubiri vilitumwa katika sehemu mbalimbali za nchi. Aliyelibeba neno hilo alikuwa kaburini, na neno likatembea.

Waliogeuka waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Mwishoni mwa miaka ya 1930 uamsho ulivuka mipaka. Mwaka 1939 ulifika katika chuo cha walimu cha Katoke, kusini ya Bukoba, na katika miaka ile na iliyofuata ukaingia katika makanisa yetu ya Kilutheri. Njia ilikuwa imetengenezwa zamani. Injili ya Kiprotestanti ilifika Bukoba kwanza kupitia kwa watu waliojifunza kusoma Buganda. Wamisionari wa Betheli walipokuja mwaka 1910, kiongozi wao Ernst Johanssen alitokea Rwanda, na kwa miaka mingi Biblia ya Kiganda ilisomwa katika ibada za huku. Neno Zukuka halikuhitaji mfasiri.

Wakati wenyewe ulikuwa mgumu. Vita Kuu ya Pili iliwaondoa wamisionari Wajerumani, na kanisa likaachwa mikononi mwa wachungaji wachache wenyeji na wainjilisti wengi wasio na mishahara ya uhakika. Uamsho uliwapa watu hao ujasiri wa kulichukua kanisa kuwa lao. Ulileta pia ugomvi. Walikuwapo waliookoka waliowahukumu wachungaji wao, na walikuwapo wachungaji waliowafukuza waliookoka. Wengine walijitenga wakaanzisha makundi yao. Lakini walio wengi walibaki, na kutoka kwao walitoka viongozi. Josiah Kibira, aliyekuwa mmoja wa waliookoka, akawa askofu wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi mwaka 1964, na kuanzia 1977 hadi 1984 akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani. Desturi tulizo nazo leo, ya kushuhudia hadharani, ya vikundi vya maombi vya nyumba kwa nyumba, ya walei kuhubiri, ya mtu kumwendea jirani na kutubu, zilipata nguvu katika miaka hiyo.

Swali ambalo halijazeeka

Haitakuwa kweli tukimaliza hapo. Mwaka 1994, katika nchi ile ile ambayo Blasio alijitoa kwa ajili yake, watu waliobatizwa waliwaua majirani waliobatizwa, na mahali pengine waliwaua ndani ya makanisa. Kwa siku nyingi miili ya watu ilielea katika Kagera. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara, na baada yao wengine wengi wakaja mpaka Karagwe. Wengi wetu tuliokuwa na umri wa kuelewa tuliwaona kwa macho yetu, tukagawana nao kuni na maji, na tukaogopa kuuliza nani alikuwa amefanya nini.

Je, uamsho ulikuwa bure? Walikuwapo Wakristo wa Rwanda waliowaficha majirani zao na kufa pamoja nao, na baadhi yao walikuwa wamelelewa katika ushirika wa uamsho. Lakini jibu kamili liko katika jambo la pili la Blasio. Yeye alikwisha kuona, miaka 58 kabla, kwamba kanisa linaweza kuwa na idadi kubwa, majengo mazuri na ibada zilizojaa, huku watu wakiijia Meza ya Bwana na chuki mioyoni, na hakuna anayethubutu kuwauliza. Aliona kwamba ubaridi huo haumdhuru aliyepoa peke yake. Siku moja hugeuka kuwa damu. Alitaka swali liulizwe mapema, na liulizwe ndani ya kanisa, likianzia kwa viongozi.

Ndugu msomaji, usharika unapohesabu miaka mia ni rahisi kuhesabu mabati, madhabahu, kengele na idadi ya waliobatizwa. Hesabu hizo ni njema, na zimeandikwa mahali pake katika kitabu hiki. Tumeweka habari za kijana huyu kati ya hesabu hizo ili pawepo na hesabu ya namna nyingine. Kijana aliyetoka katika nyumba ya chifu alikwenda penye njaa, akajifunza lugha ya wengine, akawaomba msamaha wadogo zake, akatayarisha ukweli wa kuwaambia wakubwa wake, kisha akafa njiani. Kwa hesabu za kawaida alipata hasara. Kwa hesabu ya wale waliopata uhai kupitia kwake, hatujui mwisho wake, maana hata katika miji yetu hii wapo wajukuu wa watu waliopatana kwa sababu ya moto ule, ambao hawajawahi kulisikia jina lake.

Kwa vijana wa usharika wetu, ambao huambiwa mara nyingi kwamba zamu yao bado, maisha ya Blasio Kigozi ni jibu la upole. Kwa wazee, ni wito wa kuwasikiliza vijana kabla hatujawazika. Na kwetu sote, kila tunapoikaribia Meza ya Bwana katika karne ya pili ya usharika huu, linabaki lile neno lake moja la Kiganda, ambalo kwa Kiswahili ni jepesi kulitamka na gumu kulitii: amka.